Moshi Usiishie Mjini

Ngamiani, Tanga

Mjukuu wangu mpenzi,

Bibi yako anasema usisahau sweta. Mama yako ameniambia kuwa Ijumaa unapanda basi pale Mbezi kwenda Moshi, mji usioujua, na Jumatatu unatakiwa kazini. Mimi huko nilifanya kazi ya reli ujanani, basi pokea maneno yangu kabla hujafunga begi.

Kwanza jua kwamba mji utakaoshukia si Moshi ya asili. Moshi ya asili iko juu, Old Moshi, kwenye migomba. Huko ndiko alikotawala Mangi Rindi, na huko ndiko Wajerumani walikojenga boma. Reli iliyotoka hapa kwetu Tanga ilipofika mwaka 1911 haikupanda mlima, ilikomea tambarare. Biashara na ofisi zikaifuata, na jina nalo likateremka. Kwa hiyo Jumamosi anzia stesheni, maana mji ulikulia pale.

Kisha nenda kwa miguu ukalione jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa. Wamisionari wa Kilema ndio walioleta mibuni mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaipanda vihambani mwao, chini ya migomba. Walowezi hawakufurahi kuona Mwafrika naye anauza kahawa. Wakulima wakaunda chama chao cha KNPA mwaka 1925 ili wajitetee, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Ukipita mbele ya jengo lile, kumbuka kwamba ni jasho la watu wa vihamba vidogo.

Mlima usiungoje mchana. Amka alfajiri, kabla mawingu hayajakifunika kilele cha Kibo. Mlima ukijificha siku zote mbili, usilalamike, wenyeji wamezoea.

Jumapili panda Old Moshi, lakini subiri ibada iishe, kwani asubuhi watu wako kanisani. Ulizia mahali aliponyongewa Mangi Meli. Huyu alimrithi baba yake Rindi mwaka 1891, na mwaka uliofuata wapiganaji wake wakawashinda Wajerumani. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pamoja na viongozi wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umeendelea kukitafuta miaka yote hii. Hapo ni msibani, mjukuu wangu. Omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na picha za mbwembwe kapigie kwingine.

Utakayosimuliwa Old Moshi huenda ukayasikia tofauti Marangu au Kibosho. Zamani kila eneo lilikuwa na mangi wake, na walipigana wenyewe kwa wenyewe. Rindi na Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu, naye Marealle wa Marangu alishirikiana na Wajerumani. Mangi Mkuu wa Wachaga wote, Thomas Marealle, alisimikwa mwaka 1952 tu. Kwa hiyo ukisikia mzee anamsifu mangi wao na kumponda wa jirani, wewe sikiliza. Hukwenda kuamua kesi.

Adabu unazijua, ila nazirudia. Wape wazee shikamoo kabla ya swali lolote, na ukisaidiwa sema "aika", watafurahi. Ukivuka mfongo, yaani mfereji wa maji, usitupe kitu majini, kwa sababu maji yale yanakwenda shambani kwa mtu, kwa zamu. Ukikaribishwa mbege nawe hunywi, shukuru tu, uombe mtori, hakuna atakayenuna. Na njia ya kihambani ni ya mwenye kihamba, piga hodi.

Utaambiwa pia uende maporomoko ya Materuni na Ziwa Chala. Ni pazuri kweli, lakini siku mbili hazitoshi yote. Maporomoko yatakungoja, ila wazee wanaoijua habari ya Meli wanazidi kupungua. Ukilazimika kuchagua, chagua kukaa nao.

Ukirudi, nipigie simu. Picha utanionyesha baadaye. Kwanza nieleze ulichoambiwa, na nani aliyekuambia.

Safari njema, na Mungu akutangulie.

Ni mimi babu yako.