Niliacha Kupeleka Mbele

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kutafsiri muvi kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, Mbagala, Dar es Salaam. Wakubwa wa kazi hii mnawajua: hapa kwetu Lufufu, kule Kenya DJ Afro. Mimi nilikuwa wa mtaani. Nilikuwa na televisheni ya chogo, deki, spika mbili, kipaza sauti ambacho waya wake niliubana kwa kidole ili sauti isikatike, na mabenchi yaliyobeba watu arobaini wakikubali kubanana. Kiingilio shilingi 200.

Asiyewahi kuingia kibandani anaweza kudhani mtafsiri anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili, basi. Kazi ni pana kuliko hapo. Kila kinachoonekana kwenye kioo unakipa maneno. Gari likigoma kuwaka, unalisemea. Mbwa akibweka, unasema kinachomuudhi. Mtu akipita nyuma ya steringi, yaani shujaa mkuu wa muvi, bila kusema neno, unamtilia neno. Kioo kikikaa kimya sekunde kumi, wateja wanageuka kukutazama.

Muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilikuwa nyepesi kuliko zote kutafsiri, kwa sababu njia yao ni ileile. Steringi anafiwa mapema: Batman anapoteza wazazi wake wawili uchochoroni, Spider-Man anampoteza mjomba wake, Superman anapoteza sayari nzima. Halafu anagundua nguvu zake, anazifanyia mazoezi kwa siri, anavaa nguo za kazi. Katikati ya muvi lazima apigwe hadi tuhisi amekwisha. Adui naye lazima aeleze mpango wake wote kabla hajautimiza. Mwishoni mbingu inafunguka, mwale wa mwanga unashuka au unapanda, jeshi linamwagika, na mji unabomolewa. Juu ya yote hayo kuna sheria ambayo kila mtoto wa kibandani anaijua kabla ya kujua kusoma: steringi hafi.

Sehemu ya kubomoa mji ndiyo iliyonipa jina mtaani. The Avengers ilipotufikia, mwaka 2012, watu walirudi kuiangalia mara tatu, mara nne. New York inavamiwa kutoka angani, ghorofa zinachanwa kama maboksi. Nilikuwa nahesabu. Ghorofa likianguka napiga kelele, "Bao!" na kibanda kizima kinajibu, "La ngapi?" Nami nataja namba. Kuna siku tulifika mabao kumi na moja. Benchi la mbele walikuwa wanaruka juu.

Na zile sehemu za mazungumzo, watu wawili wamekaa wanaongea kwa sauti ya chini, mwanamke analia jikoni, nilikuwa nazipeleka mbele. Dole gumba lilikuwa kwenye rimoti muda wote. Wateja wenyewe walidai. "Peleka mbele, hapo hakuna ngumi!"

Kwenye benchi la mbele palikuwa na kijana mmoja, saidia fundi, ambaye ndiye aliyeuanzisha ule mwitikio wa "La ngapi?" Alikuwa anakuja na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alikuwa anabeba zege mjini, leo jengo hili, kesho lile, kule anakoitwa.

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, asubuhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka. Mama wa yule kijana alikuja kwangu kwa sababu alijua mwanawe hakosi kibandani. Sikuwahi kumwona bila kilemba. Siku ile alikuja kichwa wazi, khanga moja begani, simu mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akasema, "Mwanangu, amekwambia anafanya kazi wapi leo?" Sikujua. Nimekaa na yule kijana karibu kila jioni kwa miaka miwili, na sikuwahi kumuuliza anajenga wapi.

Tulipanda daladala pamoja. Njia nzima alikuwa anapiga simu, anasikia kwamba hapatikani, anakata, anapiga tena. Tulipofika tulikuta watu wamejaa hadi barabara ya pili. Nililoliona limenikaa kichwani hadi leo: lile jengo halikuwa limeruka vipande kama nilivyozoea kwenye kioo. Lilikuwa limekaa. Sakafu juu ya sakafu, kama vitabu vilivyopangwa vibaya, nondo zimechomoza pembeni zimepinda. Vumbi lilikuwa limelala juu ya magari na juu ya vichwa vya watu. Kelele zilikuwapo, za mitambo ya vijiko na za watu kuitana, lakini kutoka ndani ya lile rundo hakukuwa na sauti yoyote tuliyoweza kuisikia pale tuliposimama.

Mama alianza kuuliza watu. Kila aliyepita akiwa na vumbi mwilini alimshika mkono, akamtajia jina la mwanawe, na urefu wake, na rangi ya fulana aliyotoka nayo. Alisema "fulana ya bluu" labda mara hamsini. Wengine walisema nendeni hospitali ya Muhimbili mkaangalie. Wengine walitikisa kichwa. Nilisimama nyuma yake, mimi mwenye maneno ya kumpa mbwa na gari, nikakosa neno la kumpa.

Kijana alipatikana saa nane mchana. Alikuwa Kariakoo, kwenye jengo jingine kabisa, simu imeisha chaji. Alipopiga kwa simu ya kuazima na mama yake akaisikia sauti yake, mama alikaa chini barabarani, palepale, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Pembeni yetu palikuwa na mama mwingine ambaye bado alikuwa anauliza. Waliofariki kwenye lile jengo walihesabiwa 36.

Nilifunga kibanda wiki mbili. Nilipofungua niliendelea kama zamani, au nilidhani naendelea. Kisha ikaja Man of Steel, ya mwaka huohuo. Superman na Jenerali Zod wanapigana Metropolis, na sidhani kama kuna muvi kabla ya hapo iliyobomoa mji kwa kiasi kile. Wateja walikaa tayari. Ghorofa la kwanza likaanguka, benchi la mbele wakageuka kunitazama wakisubiri bao. Kipaza sauti nilikuwa nacho mdomoni. Sikuhesabu. Sikuamua kutohesabu, sauti ndiyo iliyokataa kutoka.

Na kwa kuwa nilinyamaza, niliona kitu ambacho nisingekiona. Chini kabisa, mtaani, yupo Perry White, mhariri wa gazeti la Daily Planet, anayechezwa na Laurence Fishburne. Msichana anayefanya naye kazi, Jenny, amebanwa na kifusi. Kule juu mashine ya adui inaiponda ardhi na kifo kinawasogelea mtaa kwa mtaa. Perry hawezi kuruka wala hana nguvu zozote. Anajaribu kulinyanyua lile zege, linamshinda, naye haondoki. Anabaki na yule binti. Ni kipande kifupi. Hakina ngumi. Siku zote ningekipeleka mbele. Nilikirudisha nyuma, na safari hii nikamtafsiria Jenny kila alichosema na nikamtafsiria Perry hata alichonyamazia.

Kuanzia hapo nikawa naziangalia muvi hizi kwa jicho jingine, na nikaanza kujiuliza kwa nini miji inayobomolewa haina maiti. Sababu moja ni ya biashara. Nyingi za muvi hizi hutengenezwa zipate alama ya PG-13, ambayo Marekani imekuwa ikiitumia tangu 1984 kuwaonya wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13. Damu ikizidi, alama hiyo inapotea, na watazamaji wengi vijana wanapotea nayo. Kwa hiyo ghorofa linaanguka lakini waliokuwa ndani hatuonyeshwi. Ndiyo maana pia jeshi la adui mara nyingi ni roboti au viumbe wa angani: unaweza kuwararua mia mbili bila tone moja jekundu. Vumbi tunalipata, vioo tunavipata, moto tunaupata. Mtu hatumpati. Ghorofa lenyewe limechorwa kwa kompyuta, limepasuliwa kwa kompyuta, halijawahi kuwa na mtu aliyetoka nyumbani asubuhi amevaa fulana ya bluu. Nilikuwa nashangilia ganda tupu, na nilikuwa nimewafundisha watoto arobaini kulishangilia.

Sisemi waliotengeneza hawakuliona hilo. Walioguswa hawakuwa watu wa Mbagala peke yao, maana baada ya Man of Steel malalamiko yalikuwa mengi, na unaweza kuyaona majibu ndani ya muvi zilizofuata. Avengers: Age of Ultron, 2015, inatumia muda mwingi wa pambano la mwisho kuwatoa raia kwenye mji unaopaa. Mwaka uliofuata, Batman v Superman, karibu na mwanzo wake, ikaturudisha Metropolis ileile, pambano lilelile, ila sasa kamera imeshushwa chini. Bruce Wayne anakimbia kuelekea kwenye wingu la vumbi wakati wenzake wote wanalikimbia. Ndani ya vumbi anamkumba mtoto wa kike, anamuuliza mama yake yuko wapi, na mtoto ananyoosha kidole kwenye jengo ambalo halipo tena. Muvi iliyobaki ina makosa mengi na sitaitetea. Zile dakika za mwanzo naziweka juu ya pambano zima la New York.

Lakini iliyonimaliza ni Captain America: Civil War, ya 2016 pia. Tony Stark ametoka jukwaani, yuko peke yake kwenye korido, anasubiri lifti. Mwanamke anasimama pembeni. Anachezwa na Alfre Woodard, na yupo kwenye muvi nzima kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Anaongea taratibu, kisha anatoa picha ya mwanawe na kumbandika Stark kifuani. Kijana alikufa Sokovia, kwenye ule mji uliopaa wa Age of Ultron, wakati mashujaa wanashinda. Baadaye Stark anawaeleza wenzake yule kijana alikwenda kufanya nini kule: alikwenda kujenga nyumba za maskini wakati wa likizo.

Mjenzi. Nilisimamisha muvi. Kibanda kilikuwa kimejaa na yule kijana wangu alikuwepo, wakati huo akiwa fundi kamili, amekaa benchi la nyuma kwa sababu ya urefu. Niliwaambia, "Hapa sipeleki mbele. Atakayechoka nitamrudishia hela yake." Nikarudisha mwanzo wa korido. Yule mwanamke nikamsemea kwa sauti ya mama niliyepanda naye daladala, kwa pumzi yake ileile, kwa namna alivyokuwa anakata neno katikati kuangalia simu. Sikuongeza chumvi. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilitafsiri chini ya kile kilichosemwa, sikuzidisha.

Watu sita walitoka na nikawarudishia hela. Miezi iliyofuata nilipoteza wengi zaidi, wakahamia kibanda cha jirani ambako mambo yalikuwa na kasi. Sikuwalaumu. Waliobaki walibadilika pamoja nami polepole. Walianza kuniuliza, "Yule wa kwenye basi alitoka?" Tukawa tunarudisha nyuma kutafuta. Mara nyingi tulikuta hakutoka, wala hakuna aliyekusudia atoke. Tukatafuta za zamani zilizolifanya jambo hili vizuri. Spider-Man 2, ya 2004, ambapo Peter Parker anasimamisha treni kwa mwili wake hadi anazimia, na abiria wanamnyanyua juu ya vichwa vyao na kumpitisha mkono kwa mkono, uso wake wazi, wanaona ni kijana mdogo tu. Superman ya 1978, Christopher Reeve, ambaye usiku wake wa kwanza wa kazi unamkuta pia akimshusha paka wa mtoto kutoka kwenye mti.

Siku hizi watu wanasema ile sheria ya steringi hafi imevunjwa. Ni kweli, Wolverine alikufa 2017 kwenye Logan, Tony Stark akafa 2019, na nilisikia watu wazima wanalia. Lakini hao walikufa wakiwa na jina, na muziki, na mazishi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwalilia wengine.

Kibanda nilikifunga. Simu ziliwachukua wateja wote, wa haraka na wa taratibu. Superman mpya, ya James Gunn ya mwaka 2025, nimeiangalia nimelala mkekani na mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya maji. Dubwana kubwa linavuruga Metropolis. Superman anawaondoa watu, anazuia kinachoanguka, na katikati ya vurugu hizo anamwahi kindi mmoja mdogo kabla hajapondwa. Mpwa wangu akacheka, akasema, "Mjomba, mbona anahangaika na kindi?"

Nikarudisha nyuma. Yule kindi hana maneno kwenye muvi. Nikamtilia, kwa sauti yangu ya zamani ya kibandani: "Jamani, huku chini nipo!"