Hili Kovu Mmelipeleka Wapi?

Fremu yetu iko Mkuyuni, mwendo mfupi kutoka sokoni. Ukisimama mlangoni unasikia makondakta wa daladala wakiita Nyegezi na Butimba tangu asubuhi mpaka giza. Tuliikodi tukiwa vijana watatu, mlangoni tukaandika STUDIO kwa rangi ya bluu. Kwa sababu ya neno hilo, miezi ya mwanzo kila aliyeingia alitaka picha za paspoti. Sisi tulikuwa na mipango mingine: kutengeneza programu za simu, kutengeneza tovuti zinazofunguka vizuri kwenye kioo kidogo, na kuwapigia wafanyabiashara picha kwa simu tu, bila kamera kubwa. Kusema kweli, picha za paspoti ndizo zilizolipa kodi.

Nataka nisimulie makosa mawili tuliyoyafanya mle ndani. Kwa muda mrefu niliyaona kama mambo mawili yasiyohusiana. Mwanamke mmoja ndiye aliyenionyesha kwamba ni kosa moja, ingawa yeye mwenyewe hakulisema hivyo.

Mama huyu anauza dagaa sokoni. Anachukua mzigo Mwaloni, Kirumba, anauleta Mkuyuni na kuuza kwa sado na kwa kopo. Nusu ya wateja wake wanachukua mali kauli, yaani dagaa leo, hela ukipata. Madeni yote anayaandika kwenye daftari la shule lenye jalada lililolowa mafuta. Sisi tulipoliona lile daftari tulifurahi kama tumeokota dhahabu. Tukasema hapa ndipo pa kuanzia. Tutamtengenezea daftari la madeni ndani ya simu, na likifanya kazi kwake litafanya kazi kwa soko zima.

Tulifanya kazi miezi mitatu, usiku na mchana. Programu ikatoka nzuri, rangi zimepangika, herufi zinasomeka, kuna mpaka kengele ya kumkumbusha mdaiwa. Tukampelekea. Simu yake janja ilikuwa ya mtoto wake wa kiume, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akimsaidia kushusha magunia. Mama mwenyewe alitumia kitochi. Programu ikamtaka aandike barua pepe. Hana. Tukamfungulia. Ikamtaka aweke neno la siri lenye herufi na namba. Akaliweka, kesho yake akalisahau. Kisha ikafika kwa wadaiwa: jina la kwanza, jina la mwisho, namba ya simu.

Akatuonyesha daftari lake. Hakuna jina la mwisho hata moja. Kumeandikwa "Mama wa kona", "Yule wa bajaji", "Mwalimu mrefu", "Shemeji wa fundi cherehani". Akaniuliza, bila hasira, "Sasa mwanangu, huyu wa bajaji nimwandike wapi?"

Sikuwa na jibu. Baada ya wiki mbili kijana wake aliifuta ile programu kwa sababu simu ilikuwa imejaa, na mama akarudi kwenye daftari lake kama mtu anayerudi nyumbani.

Jioni tulikaa fremuni tukabishana. Mwenzangu mmoja akasema wateja wetu hawajawa tayari. Mwingine akachukua simu, akabonyeza *150*00#, akatuwekea mezani. Hakusema kitu. Menyu ikatokea kwa maandishi matupu, haina rangi wala picha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mama yule yule tuliyesema hajawa tayari anaitumia kila siku kulipia mzigo. Haimtaki barua pepe. Haili bando. Inafanya kazi kwenye kitochi kama inavyofanya kazi kwenye simu ya mamilioni. Waliotengeneza njia hiyo walianza na simu ambayo mtu anayo mkononi. Sisi tulianza na simu tuliyotamani awe nayo.

Tukajirekebisha, au tulidhani tumejirekebisha. Tovuti tulizotengeneza baada ya hapo zilikuwa nyepesi: ukurasa mmoja, namba ya kupiga juu kabisa, picha mbili tatu zilizopunguzwa uzito ili zifunguke hata mtandao ukiwa unasuasua. Mama wa dagaa naye tukamtengenezea wake, bure, kama fidia. Nikaenda sokoni kumpigia picha. Nilipiga dagaa waliokauka vizuri wanaong'aa kama fedha, nikapiga sado, nikapiga mikono yake ikipima. Kijana wake akasimama nyuma ya magunia akicheka, nikampiga na yeye. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za siku ile. Uso umetulia, mwanga wa asubuhi unatoka ubavuni, ngozi laini kabisa.

Mwezi wa nne kijana yule alipata ajali ya bodaboda. Alifariki njiani akipelekwa hospitali.

Tulikwenda msibani, tukazika. Wiki chache baadaye mama akaja fremuni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba baba," akakaa kwenye kiti cha wateja wa paspoti. Alitaka ile picha ya kijana, kubwa, ya kuweka ukutani. Nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka uso ukajaa kioo. Akaitazama muda mrefu.

"Hili kovu mmelipeleka wapi?"

Sikuelewa. Akanyoosha kidole juu ya jicho la kushoto. Akiwa darasa la pili mtoto wake alikuwa akikimbiza tiara, akaanguka kwenye mawe. Wakazi wa Mwanza wanajua mawe ninayoyasema. Alishonwa nyuzi nne, na kovu likabaki mpaka siku anazikwa. Mimi nilikuwa nimemwona kijana yule mara nyingi na kovu lake. Kwenye picha yangu halikuwepo.

Nilitafuta kila mahali. Ndipo nikaelewa kwamba simu yangu ilitoka dukani ikiwa na kile wanachokiita urembo, na kimewashwa tayari. Kila uso unaopita mbele ya lenzi kinaulainisha, kinaung'arisha kidogo, kinafuta madoa. Hakiulizi. Na kwenye simu ile nakala ya asili haihifadhiwi. Lile kovu simu ililiona kama uchafu, ikalifuta palepale nilipobonyeza.

Nikamwambia mama naweza kulirudisha, nitalichora, hakuna atakayejua. Akatikisa kichwa. "Usilichore, baba. Wewe hulijui."

Tangu siku ile nimesoma mengi kuhusu kamera na nyuso zetu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipanga rangi kwa kufuata kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, na ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote. Watafiti wameandika kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu zikaboreshwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu bidhaa zao hazikutoka vizuri. Baadaye kampuni ya Transsion ya China, inayotengeneza Tecno na itel, ilijipatia soko kubwa Afrika, na moja ya sababu ni kamera zilizopangwa kuona ngozi nyeusi. Mwaka 2021 Google nao walikuja na mpango wao wa Real Tone. Kwa hiyo lenzi nayo ina mtu nyuma yake aliyeamua uso mzuri ni upi, muda mrefu kabla mimi sijafika sokoni.

Sisemi kuhariri picha ni dhambi. Pwani ya Waswahili ina historia ndefu ya studio. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikata na kuunganisha picha kwa mikono yake, mtu akatokea mahali ambapo hajawahi kusimama. Lakini wateja wake waliingia studio wakijua wanachokwenda kutafuta. Kijana wa dagaa hakumwomba mtu amfute kovu.

Hapo nikamkumbuka yule wa bajaji. Programu yetu ilikuwa imemfanyia mama kile kile simu ilichomfanyia mwanawe. Tulikaa fremuni tukaamua jina la mtu liweje. Yasiyoingia kwenye visanduku vyetu tukayaona uchafu, kama simu ilivyoliona kovu. Na hatukuuliza.

Picha ya ukutani ilipatikana. Rafiki wa marehemu, dereva bodaboda, alikuwa na moja kwenye simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka. Imepigwa jioni, ina chengachenga, nusu ya uso iko kivulini. Kovu lipo. Tuliichapisha hivyo hivyo. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya jicho la kushoto, akaondoka nayo.

Siku hizi, kabla ya kumpiga mtu picha, nazima urembo na natunza nakala ya asili. Na kabla ya kuchora programu yoyote tunaomba kwanza kuona daftari la mwenye kazi. Bado hatujawa matajiri. Paspoti bado zinalipa kodi.

Mwezi uliopita mama wa dagaa alikuja tena, safari hii picha ni yake mwenyewe. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Nikamuuliza, "Mama, nikupige vipi?"

"Kama nilivyo," akasema. Akafikiri kidogo, akacheka na kuziba mdomo kwa mkono. "Ila hapa kwenye pengo, niwekee jino."

Nikamwekea jino.