Baba Mdogo

Nilipoiona katuni ya The Lion King mara ya kwanza, katika kibanda cha video kule kwetu Rangwi, sikulia Mufasa alipokufa. Nililia baadaye kidogo, Scar alipomwambia mtoto kwamba kosa ni lake, akimbie, asirudi tena. Wenzangu wakanicheka. Hawakujua kwamba mwaka ule baba mdogo alikuwa ametwambia mimi na mama kuwa shamba la bondeni, alilotuachia marehemu baba, eti ni la ukoo.

Katuni nyingi adui wake hutoka nje: mchawi, zimwi, tufani. Unamjua kwa sura. Filamu hii ya 1994 ilimweka adui ndani ya nyumba. Rafiki yangu mmoja alishikilia kuwa Scar ni mjomba wa Simba. Mjomba gani? Ndugu wa baba ni baba! Ubaya wote uko hapo.

Nasi Wasambaa kisa hicho tunacho, tena cha watu. Mfalme wetu wa Vuga aliitwa Simba Mwene. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti kilimwangukia mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara. Huko akapata bunduki na wafuasi. Kabla miaka ya 1860 haijaisha akaivamia Vuga, akamfukuza mtoto wa ndugu yake, akamweka mwanawe mwenyewe. Wala mvua haikunyesha watu wakaimba, kama kwenye katuni. Vita vikaendelea miaka na miaka, na watu wengi wakauzwa utumwani.

Kwenye katuni Simba anapigana kwanza na nafsi yake: arudi au asirudi? Mimi pia nimebeba barua ya kwenda baraza la kata, imechakaa mfukoni. Tatizo ni kwamba baba mdogo ndiye aliyenilipia ada ya sekondari, miaka yote minne. Scar hakumlipia Simba ada.

Krismasi iliyopita nilimkuta barazani, amejifunika blanketi kwa baridi. Akaniita mwanangu. Akaagiza viazi vichemshwe, vya shamba lile lile, akanimenyea mwenyewe cha kwanza.

Nikala.