Barabara ya Meru na Daftari la Mdogo Wangu

Kutoka Embu kwenda Meru hakuna tambarare. Matatu inateremka hadi mtoni, inapinda darajani, inapanda tena ikinguruma katikati ya migomba na majani chai, na mlima uko mkono wa kushoto umejifunika mawingu. Sisi wa Malindi tumezoea barabara iliyonyooka. Tangu Runyenjes nilikuwa nimeshikilia kiti cha mbele. Tulipokaribia Daraja la Nithi, mama niliyeketi naye alikatiza mazungumzo akaanza kuomba, maana ajali za pale zimemaliza watu wengi.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda huko, na sikwenda kutembea. Mdogo wangu anauza dukani Makutano, mjini Meru, na mwanamume waliyeachana naye hakukubali kuachwa. Akifunga duka, yuko ng'ambo ya barabara. Akishuka stejini, yuko nyuma. Hajampiga wala kumgusa. Kituo cha polisi alikokwenda kwanza walimwambia hayo ni mambo ya mapenzi, wataelewana.

Ndiyo maana nilikuwa nimepitia Embu, kwa wakili anayejuana na familia yetu. Alinieleza bila haraka. Kanuni ya Adhabu ya Kenya haina kosa la kumwandama mtu kwa jina lake. Tendo hilo limo katika Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015: kumfuatafuata mtu au kumkabili njiani ni aina mojawapo ya dhuluma. Lakini sheria hiyo inawahusu wenye uhusiano au waliowahi kuwa nao: mume na mke, wachumba, jamaa, waliokuwa wapenzi. Mahakama hutoa amri ya ulinzi, na mtu akiivunja ndipo anapata faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 12, ama vyote viwili. Kwenye simu mambo ni mazito zaidi. Kifungu cha 27 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 kinampa hadi miaka 10 au faini ya hadi milioni 20 anayemtumia mwenzake ujumbe akijua utamtia hofu ya kudhuriwa.

Hadi tunapita Chuka hesabu hiyo ilikuwa bado inanikera. Ujumbe, miaka kumi. Kusimama mlangoni kwa mtu kila jioni, si kitu mpaka kwanza uvunje karatasi ya mahakama. Aprili 2019 mwanafunzi wa udaktari aliuawa kwa shoka Eldoret na mwanamume aliyesafiri hadi huko kumfuata. Muuaji alihukumiwa miaka 40 mwaka 2024. Sheria yetu ina meno makali sana baada ya mazishi.

Na polisi wa Meru hawawezi kusema hawakuambiwa. Tarehe 27 Mei 2013, katika Mahakama Kuu ya mji huohuo, Jaji James Makau aliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao upesi na ipasavyo. Ni ile kesi inayoitwa ya wasichana 160.

Usiku mdogo wangu alinitolea daftari la hesabu. Kalamu ya buluu: tarehe, saa, mahali. "Saa moja kasorobo, chini ya mgrevilea, shati la kijani." "Amepita na boda, amerudi, amepita tena." Pembeni namba ya pikipiki, imekolezwa mara mbili. Hakuna aliyemfundisha kuandika hivyo. Tulipolipeleka mahakamani, hakimu alizisoma kurasa zile moja moja, akatoa amri ya muda: asikaribie duka wala nyumba hadi pande zote zisikilizwe.

Tuliporudi, msichana anayeishi naye chumba kimoja aliniuliza, "Dada, na mimi? Wangu hatujawahi kujuana. Jina lake silijui."

Nikampigia wakili. Akauliza kama anatuma meseji, kama ametishia.

"Haandiki wala hasemi neno," msichana akajibu. "Ananifuata tu mpaka stejini."

Wakili alikaa kimya kidogo. Akasema aende kituoni hata hivyo, asiende peke yake, aombe kuandikisha taarifa kwa askari mwanamke, na asiondoke bila namba ya OB.