Usikate Springi za Peugeot ya Babu

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema hata kama nitapoteza wafuasi: kukata springi za gari ya zamani ndio ishuke chini si staili. Ni kuua gari polepole, na siku mbaya ni kuua mtu.

Naona video zenu. Mtu anarithi Peugeot 504 ya familia, kitu ya kwanza anashika grainda, anakata koili moja na nusu, halafu anapiga picha jua likizama kule Mua. Picha inatoka poa, sikatai. Lakini hakuna anayetuonyesha video ya mwezi wa tatu, wakati gari inagonga kila shimo kama sufuria tupu na usukani unavuta upande mmoja kama mbuzi wa kamba.

Unajua hiyo gari ilitengenezewa nini? 504 ilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, na 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu tuzo haikujalisha mtu. Watu waliipenda kwa sababu springi zake ni ndefu na laini: gurudumu linashuka kwa shimo na kurudi bila kukugongesha kichwa kwa paa. Hivyo ndivyo ilishinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na ile 504 Coupé ya V6. Na ile ndefu ya safu tatu za viti ilibeba abiria wa safari za mbali miaka mingi kabla nyinyi hamjazaliwa. Ukikata springi, umetupa kile kitu kilichoifanya iitwe 504. Umebaki na bodi.

Sikia vile inafanya kazi. Mbele, shoksi imesimama katikati ya springi, zote pamoja. Chini kuna mkono unaoshikilia gurudumu, umefungwa kwa bushi za mpira na bol joint. Ukiishusha gari kwa grainda, ule mkono unabadilisha pembe, na tai rodi nayo inabadilisha pembe. Sasa kila ukipita tuta, magurudumu yanajigeuza kidogo bila wewe kugusa usukani. Shoksi nayo inaishi karibu na mwisho wake, inagonga, inavuja, inakufa. Halafu unakuja kulaumu barabara ya kaunti.

Mimi hii maneno haiko mbali na kwetu. Nyumbani tuko na 504 ya babu. Babu hayuko tena, na abiria mkuu siku hizi ni susu: kliniki kila mwezi, kanisa Jumapili, kiti cha mbele, dirisha nusu. Mwaka jana ikaanza kuvuta kushoto, na ikifika kilomita 80 kwa saa usukani unatetemeka. Binamu yangu akasema tukate springi, tupige picha, tuuze. Mjomba akasema iende kwa watu wa vyuma, ipimwe kwa kilo. Susu hakujibu mtu. Alienda akaketi ndani ya gari.

Gareji ya kwanza walifanya alaimenti mara mbili. Tulilipa mara mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyepandisha gurudumu akalitikisa. Walichosema tu ni tununue shoksi mbili mpya. Wale watu wa Kyamwilu, njia ya Mutituni, wako na haki ya kukuonyesha gari ikipanda mlima yenyewe. Lakini gari ikienda kushoto yenyewe baada ya kulipa alaimenti, hapo hakuna maajabu, kuna kitu kimelegea.

Ndio tukaenda kwa mzee mmoja wa jua kali hapa Machakos. Akaniambia, "Kijana, alaimenti ni ya mwisho. Kwanza tafuta kinachocheza."

Akaweka jeki, akaweka na stendi ya chuma, maana jeki peke yake haiaminiki. Shika gurudumu juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, angalia bol joint. Halafu shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, shuku tai rodi au boksi ya usukani. Lizungushe kwa mkono usikilize: beringi mbovu inanguruma kama jiwe la kusaga. Angalia na tairi: imelika upande mmoja, pembe si sawa. Imelika kwa mabaka mabaka, shoksi imechoka. Mtetemo wa mwendo wa kasi peke yake mara nyingi ni balansi au rimu iliyopinda.

Yetu? Bushi za mkono wa kushoto zilikuwa zimepasuka, beringi ya kulia imelegea, na rimu moja imepinda. Shoksi zilikuwa sawa! Spea zote hazikufika bei ya zile shoksi mbili. Baada ya hapo ndio alaimenti, mara moja.

Kitu kimoja alinikataza kabisa: ile nati ya juu katikati ya shoksi, usiifungue kama springi haijabanwa kwa vifaa vyake. Springi imebeba uzito wa gari. Ikiruka, itakupiga uso. Msijaribu hii nyumbani kwa sababu mmeona video, hata iwe yangu.

Najua kuna mtu anaandika saa hii, "Uliacha chuo, sasa unatufundisha magari." Ndiyo, niliacha mwaka wa pili, karo iliisha. Sijajiita injinia. Yule mzee pia hana cheti ukutani, lakini ndiye aliyeuliza gari swali kabla ya kutuuzia jibu. Na watu kama yeye wanazeeka. Ulaya waliacha kuunda 504 za saluni 1983. Walioshika hizi gari kwa mikono hapa kwetu wengi wana mvi, na wanafunzi wao wanataka Vitz na Demio kwa sababu ndio kuna pesa. Wakienda, tutabaki na grainda na maoni.

Unataka kontenti? Nenda ukarekodi huyo mzee. Muulize anasikiaje beringi. Mlipe kwa muda wake pia, usiende na simu tu.

Na kama wikendi hii umepanga kukata springi, sawa, gari ni yako. Lakini pandisha hilo gurudumu kwanza, ulitikise. Halafu fikiria nani huwa anaketi kiti cha mbele.