Siku Moja Sarajevo, Mji Unaohesabu Saa Kama Sisi

Tuliingia Sarajevo usiku, mwishoni mwa mwezi wa Septemba, tukitokea Istanbul ambako binti yetu anasoma. Tulikuwa na siku moja tu ya kuutazama mji, na tulikuwa na shauri ambalo hatukulimaliza nyumbani. Mke amerithi kwa marehemu baba yake duka dogo lililoko Ngamiani, Tanga. Mume ameona liuzwe, fedha zimalizie karo ya binti. Mke anataka kulisabilia liwe wakfu, kodi yake iende madrasa. Mnunuzi alikwishapatikana na alikuwa akipiga simu kila baada ya siku mbili.

Kwa nini Sarajevo? Ni kwa sababu ya duka hilo hilo. Miaka ya vita vya Bosnia, marehemu aliweka juu ya meza ya duka kopo la maziwa lililotobolewa tundu, na kila mteja akaombwa kutia chochote. Misikitini tukisoma kunuti kwa ajili ya watu ambao hatukuwahi kuwaona. Jina la mji huu tulilijua kwa dua kabla ya kulijua kwa ramani.

Asubuhi tulianzia Baščaršija, soko la kale ambalo Waosmani walilianzisha katika karne ya 15. Katikati yake kuna sebilj, kibanda cha mbao chenye kuba ambamo maji hutoka bure kwa kila mpita njia. Neno lenyewe halikuhitaji mkalimani: ni sabili. Kumbe maneno ya namna hiyo yamejaa. Duka wao huliita dućan, sabuni ni sapun, kikombe cha kahawa ni fildžan, nasi pwani twasema finjani. Wakfu ni vakuf. Tulikunywa kahawa yao iliyoletwa katika dele dogo la shaba, pamoja na kipande cha lokum, na mmoja wetu akasema imepungua kashata tu.

Hatua chache kutoka hapo, kando ya msikiti mkuu, umesimama mnara wa saa. Tuliutazama tukadhani umeharibika. Saa za mkononi, kwa hesabu yetu, zilisema ni saa tatu kamili asubuhi. Mnara ukasema saa mbili na dakika ishirini. Kijana aliyekuwa akifungua duka la mazulia akatueleza kwa Kiingereza kwamba mnara hauna kosa. Saa hii hufuata jua: linapotua, mishale yote miwili huwa juu kwenye 12, ndipo siku mpya huanza. Kwa kuwa machweo husogea, yuko mtu maalumu wa kuirekebisha, naye huitwa muvekit, jina linalotokana na wakati. Tukamwambia kuwa kwetu pia saa moja ni baada ya jua kuchwa, wala si baada ya usiku wa manane. Alicheka, akatushika mikono, akatuita ndani tukae. Ndugu msomaji, tumepita miji kadhaa ya Ulaya ambako hesabu yetu ya saa ilionekana kama ajabu. Hapa ilitufanya tuwe wenyeji.

Msikiti wenyewe ni wa Gazi Husrev-beg, uliokamilika mwaka 1531. Husrev-beg alikuwa gavana wa Kiosmani, na alifariki mwaka 1541. Kaburi lake liko uani, chini ya kuba. Alichokifanya ndicho kilichotusimamisha muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ile. Hakujenga msikiti akauacha utegemee huruma za watu. Alijenga pia madrasa, jiko la kuwalisha wageni na maskini, hamamu, na soko la mawe lenye paa, bezistan, lenye vyumba vya maduka vya kupangisha. Kodi ya maduka ikalipa imamu, ikalipa walimu, ikanunua chakula. Soko hilo lingalipo na wachuuzi wangali wamo ndani. Mke hakusema neno. Alipita duka kwa duka, akigusa kuta.

Mume naye alipata hoja yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikomunisti ilitaifisha sehemu kubwa ya mali za wakfu za Bosnia. Na kwetu je, ni nyumba ngapi za wakfu zimeliwa na wasimamizi, mpaka watoto wa waliosabilia hawajui hata kiwanja kiko wapi? Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na mke hakuipinga.

Tuliswali adhuhuri humo, kila mmoja upande wake, tukakutana baadaye kwenye birika la uani. Nje, juu ya lami ya mji, tuliona alama nyekundu mfano wa maua. Ni mahali ambapo mizinga iliua watu. Mashimo yake yamejazwa rangi nyekundu yasisahaulike. Mji huu ulizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425. Mwaka 2012, miaka ishirini tangu kuanza kwa mzingiro, vilipangwa viti vyekundu 11,541 katika barabara kuu, kimoja kwa kila aliyeuawa. Mafundi wa shaba wa Kazandžiluk bado wanachonga nakshi juu ya maganda ya mizinga na kuyauza. Hatukununua.

Mchana tulikwenda maktaba ya Gazi Husrev-beg, iliyo katika jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2014. Hati ya wakfu ya madrasa ya mwaka 1537 iliagiza kwamba fedha zitakazobaki kwenye ujenzi zinunuliwe vitabu. Kutokana na sentensi hiyo moja imekua hazina ya zaidi ya miswada 10,000 ya Kiarabu, Kituruki, Kiajemi na Kibosnia. Mwezi Agosti 1992 maktaba ya taifa, iliyokuwa katika jengo la Vijećnica kando ya mto Miljacka, ilipigwa mizinga ikateketea pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vyake. Mkurugenzi wa maktaba ya wakfu, Mustafa Jahić, aliona zamu yake inakuja. Yeye na wenzake wachache wakaihamisha miswada mara kadhaa, kutoka jengo hadi jengo, wakiibeba katika maboksi ya ndizi huku walenga shabaha wakiwa milimani. Miongoni mwa wabebaji hao alikuwamo mlinzi wa usiku wa maktaba, mzaliwa wa Kongo. Alikuwa mgeni, na njia za mji zilikuwa za hatari kwake kama kwa wengine, alibaki akabeba.

Habari hiyo ilitukalisha kitako. Tulikuja tukidhani kwamba Afrika yetu iliufikia mji huu kwa kopo la maziwa tu.

Alasiri tulijaribu kupanda ngome ya Žuta tabija, ambako mwezi wa Ramadhani mzinga hupigwa kuashiria kufuturu. Goti la mume likagoma nusu ya kilima. Tukashuka polepole, tukala nyama ya kusaga iliyochomwa, ndani ya mkate laini na vitunguu, tukarudi chini ya mnara kungoja magharibi. Mishale ilikaribiana juu, ikakutana, na adhana ikatoka msikitini.

Tulipotoka kuswali, mume aliuliza kodi ya duka ni kiasi gani kwa mwezi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Mke alimtajia. Wakahesabu karo ya binti iliyobaki: miaka miwili. Likazuka wazo la tatu, kwamba kodi imalizie karo kwanza, kisha duka lisabiliwe kwa hati yenye wasimamizi watatu, mmoja wao kutoka nje ya ukoo.

Tumekwisha kurudi Tanga. Shehe tuliyemwendea anataka tuwaulize wanetu wote kabla ya kuandika chochote, na mkubwa wao hajajibu. Mnunuzi bado anapiga simu. Tumemwambia asingoje.