Ikiingia Haimaanishi Zimeelewana

Kila nikiposti picha ya meza yangu ya kazi, hakosi mtu wa kuniuliza: "Wewe na hiyo monita vipi? Si ununue mpya?" Leo nawajibu wote kwa pamoja, kisha tusirudiane tena.

Hiyo monita ni ya inchi 17, ina umbo la mraba mraba, na ilitoka saiba ya mjombangu hapa hapa Bombolulu. Saiba yenyewe ilikufa pole pole. Watu walipata intaneti kwa simu, mwishowe hata wale wa kuja kujaza fomu wakapotea. Mjomba alipofunga akagawa vitu, mimi nikapata monita na kiti kilichovunjika mkono mmoja. Wakati huo nilikuwa nishaacha chuo. Mwaka wa pili, karo imenishinda, na nishachoka kujifanya haijanishinda. Nilivichukua vyote viwili bila kuchagua.

Sasa, ukitoa hizi video mnazozijua, kinachonipa riziki haswa ni kuhariri video za harusi. Si za nikahi, hizo wenye nazo wako wengi. Mimi ni za kupamba. Kama wewe si wa Pwani ntakueleza kidogo: ule ni usiku wa wanawake watupu. Buibui zinavuliwa, nywele ziko wazi, bi harusi anaonyeshwa akiwa amepambwa, na simu zinakusanywa mlangoni. Mpiga video lazima awe mwanamke. Na anayehariri vilevile awe mwanamke, na ile kazi isitoke chumbani kwake. Siwezi kuibeba kwenye flashi nikaenda nayo kwa rafiki mwenye mashine kali. Siwezi kukaa nayo ofisi ya watu. Ile ni amana.

Kwa hivyo mtu akinambia "si uende kwa fulani akusaidie na kompyuta yake," najua hajui kazi yangu. Ni mashine yangu, monita yangu na mlango wangu umefungwa. Hakuna njia nyengine.

Mashine ni desktop ya Dell, ex-UK, yaani ilitumika ofisini Uingereza ikamalizia maisha Mombasa. Kwa video za kawaida ilikuwa inajikokota tu. Kisha mpiga video wangu akanunua kamera ya 4K, na mashine ikaanza kukwama kila sekunde tatu. Nikaamua kununua kadi ya grafiki. Nilichagua GTX 1050 Ti, mkono wa pili, kwa sababu moja: nyingi ya kadi hizo zinatosheka na wati 75 zinazotoka kwenye tundu la mashine yenyewe, hazitaki waya wa ziada wa umeme. Hizi desktop za ofisi pawa saplai zake ni ndogo, ukizitwika kadi kubwa zitakuangusha. Ilikuwa elfu 12. Elfu nne zilikuwa zangu, elfu nane ni zamu ya Mama kwenye chama. Mama anauza leso, na zile pesa zilikuwa za kwenda kuchukua mzigo Biashara Street. Alizitoa akanambia, "Hizi si zawadi, ni mtaji. Ntazitaka." Nikasema naam.

Kadi ilifika Jumatano. Video ya watu niliahidi Jumapili.

Nikaichomeka, nikawasha, feni ikazunguka, monita nyeusi tii. Nikazunguka nyuma. Kadi ina matundu matatu: DVI, HDMI na DisplayPort. Monita ina moja tu: VGA, lile la buluu la pini 15. Na lile tundu la VGA la zamani la mashine, kadi ilipoingia tu, likazimwa. Mashine nyengine zinakubali kuliwasha tena ukiingia kwenye seting. Yangu ilikataa.

Hapo ndo masomo yalipoanza. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987. Mama alikuwa hajaolewa. Desemba 2010, kampuni kubwa za kompyuta, AMD, Intel, Dell, Lenovo, Samsung na LG, zilitangaza pamoja kuwa VGA itaondolewa, na 2015 ndio iliwekwa kuwa mwisho. Kadi kama yangu zilitoka 2016 na hazitoi kabisa ile signali ya zamani, kwa tundu lolote lile. Ningejua hilo Jumatano, nisingepoteza Alhamisi na Ijumaa.

Alhamisi nikapanda matatu kwenda mjini. Foleni Kongowea, foleni darajani Nyali, nikafika nimeiva. Duka la kwanza nikamwonyesha picha ya matundu, kijana akanipa kipande cha DVI kwenda VGA, bob 250. "Hiyo ni kuchomeka tu, dadangu." Nikarudi nyumbani, haiingii. Nikaangalia vizuri: pembeni mwa ule ulimi bapa wa adapta kuna pini nne ndogo, na kwenye kadi hakuna matundu yake. Zile pini nne hazikuwekwa kwa urembo. Ndizo zinazobeba signali ya analojia. DVI ziko namna mbili ambazo utakutana nazo sana: DVI-I, yenye analojia na dijitali, na DVI-D, ya dijitali pekee. Kadi yangu ni DVI-D. Wako watu wanavunja zile pini ili kiingie. Nawaomba msijisumbue. Kitaingia, lakini hakuna kitakachotoka.

Ijumaa nikarudi mjini, duka jengine. Mara hii nikapewa waya: upande huu HDMI, upande huu VGA, bob 450. Ukaingia vizuri sana, pande zote mbili, hata nikapiga bismillahi kwa sauti. Monita ikaandika: No Signal.

Nilikaa kitandani nikalia kidogo, siwafichi. Si kwa sababu ya 450. Ni kwa sababu nilisikia sauti ya Mama nje akimwambia mteja, "Mzigo mpya bado, subiri wiki hii," na nilijua bado ni kwa nini.

Kisha nikakumbuka kitu. Nilikuwa mtoto wa primari mwaka 2015, Kenya ilipohama kutoka televisheni ya analojia kwenda dijitali. Kwetu tulikuwa na ile tivii nene yenye mgongo. Siku moja picha zikapotea. Antena ni ile ile, waya ni ule ule, umeingia kwenye tundu lile lile, lakini tivii haikujua kinachosemwa. Baba hakununua tivii mpya. Alinunua dekoda. Kale kasanduku hakakuwa waya wa kuunganisha tu. Kalikuwa mkalimani. Kanapokea lugha mpya, kanaitafsiri, kanaipa tivii lugha yake.

Ni hivyo hivyo. Kadi mpya inatoa picha kama hesabu, sifuri na moja. VGA inataka umeme unaopanda na kushuka, na kila rangi ina waya wake: nyekundu, kijani, buluu. Ule waya wa 450 haukuwa na mtu ndani. Ni shaba tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilichohitaji ni adapta yenye chip ndani, mkalimani wangu mdogo. Ikiwa monita yako kuukuu ina tundu la DVI, basi una bahati, kwa sababu HDMI na DVI zinazungumza lugha moja na waya wa kawaida utatosha. Lakini kwenda VGA, uwe unatoka HDMI au DisplayPort, mkalimani ni lazima. Na mkalimani huyo anatafsiri upande mmoja tu. Adapta ya HDMI kwenda VGA usiigeuze ukitarajia itoke VGA kwenda HDMI.

Ijumaa hiyo hiyo jioni, safari ya pili mjini, bob 900. Nikauliza kabla ya kulipa: "Ina chip?" Muuzaji akaniangalia vyengine kabisa. Nilipofika nyumbani, picha ikatoka. Ilitoka imevutwa, watu wote wembamba, mpaka nilipobadilisha seting kuwa 1280 kwa 1024, kipimo cha monita yenyewe. Baada ya dakika kumi ikazima. Adapta ina katundu ka umeme ubavuni ambako sikukajali. Nikaipa waya wa chaja ya simu, na tangu hapo haikuzima tena.

Hapa ndo mlitaka niishie, sivyo? Nimeshinda, monita imeokoka, shangwe. Bado.

Nilifanya kazi usiku kucha. Jumamosi mchana nikamtumia dada wa bi harusi kipande cha dakika moja aone. Akanipigia hapo hapo. "Mwanangu, kazi nzuri, mashaallah. Lakini mbona bi harusi katoka buluu kama maiti?"

Moyo ulishuka hadi miguuni. Kwangu bi harusi alikuwa anang'aa. Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho, dada, ntarekebisha," bila kujua narekebisha nini.

Tatizo halikuwa adapta tena. Monita za umri ule zinaangazwa na taa ndogo za mirija ndani yake, na ile mirija ikizeeka nuru yake hufifia na kuwa ya manjano. Mimi nilikuwa naona kila kitu kina umanjano, basi nikawa naongeza buluu ili nyeupe iwe nyeupe. Nyeupe ilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Mkalimani alitafsiri sawasawa. Msikilizaji ndiye aliyekuwa na miwani ya njano.

Usiku ule, kaka zangu walipolala, niliburura mashine hadi sebuleni, nikafunga mlango kwa komeo, nikachomeka HDMI moja kwa moja kwenye tivii yetu ya sasa. Bila adapta. Mama akaamka akaja kukaa na mimi. Akaangalia ile video kimya, kisha akasema, "Hiyo leso ya sare nimeiuza mimi. Ni damu ya mzee. Hapo umeifanya zambarau." Akaenda kwenye mzigo wake, akatoa moja iliyobaki, akaishika kando ya tivii. "Haya, ilete mpaka ifanane na hii."

Nikawa napunguza buluu, yeye ananambia bado, bado, hapo, umepita, rudi. Leso ilipofanana, uso wa bi harusi ukarudi wenyewe. "Ndo huyo," Mama akasema. "Yule ni maji ya kunde, ulikuwa ushamgeuza mzungu." Tulimaliza kwenye adhana ya alfajiri. Jumapili video ikaenda, na Jumapili nikalipwa.

Sasa maoni yangu, maana ndo mlikuja kuyasoma. Anayekwambia "nunua mpya" hajakosea hesabu kila mara. Adapta zangu tatu ni 1,600. Ongeza nauli, ni karibu 2,000. Nimeulizia monita iliyotumika yenye HDMI, ni 5,500. Ningenunua adapta sahihi mara ya kwanza, ningetumia 900 na safari moja, na hapo monita ya mjomba inashinda bila mjadala. Kilichonigharimu si uzee wa monita. Nilinunua kwa kuangalia umbo la tundu, sikuuliza kinachotoka ndani yake.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, uliza matatu. Kadi inatoa signali gani? Monita inaelewa gani? Na kama hazifanani, hiyo adapta ina chip au ni shaba tu? Muuzaji akikwambia "ukisukuma itaingia", funga pochi uondoke.

Na ukifanikiwa, usiamini picha kwa sababu imetokea. Mimi monita yangu nimeiweka na sitaitupa: nakatia video, napangia sauti, naandikia haya. Lakini rangi siiulizi. Rangi namuuliza Mama, usiku, mlango umefungwa, leso mkononi.

Elfu mbili za kwanza nimeshamrudishia. Alizihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la leso, akanambia zimebaki sita.